Meza ya Nje: Taru Tengeneza, Diani Nunua

Ukiwauliza mafundi wa Kwale kama mtu asiyewahi kushika randa atengeneze meza ya nje au anunue iliyo tayari, kila mmoja atakujibu kwa kutazama pale alipo yeye. Ndiyo maana majibu hayafanani. Kaunti hii inaanzia kwenye mchanga wa Diani na Msambweni, inapanda Milima ya Shimba, kisha inashuka nyikani Kinango hadi Samburu, Taru na Mackinnon Road. Mbao, rangi na skrubu za duka moja zikipelekwa kwenye ncha hizi mbili hazidumu sawa. Kwa hiyo nasema mapema ninachokiamini: anayeanza akiwa Taru, atengeneze, akiwa Diani, anunue. Anayekaa katikati, Kinango mjini au Lungalunga, azipime sababu nitakazozitoa aone ameegemea upande gani.

Tuanze Taru. Waliojenga reli ya Uganda, kazi iliyoanza Mombasa mwaka 1896, waliingia nyika hii mapema. Maji hayakuwepo, na mbao ilikuwa chakula cha wadudu: mataruma mengi ya reli ile yaliagizwa ya chuma kwa kuhofia mchwa. Leo treni inapita juu ya reli nyingine, ile iliyofunguliwa mwaka 2017, na mchwa bado wapo palepale. Hawaivamii meza kwa juu mchana kweupe. Wanapanda kutoka chini, ndani ya vijia vyembamba vya udongo wanavyovijenga wenyewe, wanaingia kwenye mguu pale unapogusa ardhi, wanakula kiini na kuacha ganda. Mguu utauona mzima mpaka siku mgeni mnene atakapouegemea.

Adui wa pili haonekani kabisa, naye ni ukavu. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutema. Diani, penye upepo wa bahari mwaka mzima, ubao uliokaa kibandani hubaki na unyevu mwingi kuliko ubao wa Taru, ambako hewa ya kiangazi hunyonya kila kitu. Ubao unapopoteza maji hupungua upana wake. Urefu haubadiliki sana. Meza ya upana wa sentimita 80 iliyoundwa Ukunda ikaletwa Taru inaweza kupungua karibu sentimita nzima. Kama fundi aliubana uso wake kwa gundi na skrubu pande zote, ubao hauna pa kwenda, utapasuka. Utaanza kumlaumu fundi bure. Yeye alikutengenezea meza nzuri ya Ukunda.

Halafu kuna kuisafirisha. Tangu barabara ya Dongo Kundu iunganishe pwani ya kusini na barabara kuu ya Nairobi, mzigo wa kutoka Ukunda hauhitaji tena kupanga foleni kwenye feri ya Likoni. Hata hivyo ni safari ndefu kwa kitu chenye miguu minne iliyotokeza. Meza iliyoungwa kabisa unailipia nafasi nzima ya pikapu, na njiani inagongana na kila kilichopakiwa nayo. Mbao zilizofungwa pamoja, au mawe yaliyopangwa sakafuni mwa lori linaloelekea huko kwa shughuli nyingine, hulipiwa kidogo na hufika salama.

Na kitu cha kutengenezea kiko jirani. Mawe bapa ya Mazeras, yale yanayotandikwa kwenye vijia vya bustani na kubandikwa ukutani hadi Nairobi, ni mawe ya mchanga ya ukanda huuhuu wa Waduruma. Wanajiolojia walipoyagawa matabaka yake waliyapa majina ya vituo vya njia hii: Taru chini kabisa, kisha Maji ya Chumvi, halafu Mariakani, na Mazeras juu. Mchwa hawali jiwe. Jua halilipindi. Kwa mtu asiye na karakana, meza ya jiwe ndiyo meza ya kwanza ninayoipendekeza, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu wengi wakisikia neno meza hukimbilia mbao bila kufikiri.

Meza hiyo ni nguzo na bapa tu. Chagua bapa lenye unene wa sentimita nne hivi, upana wa 60 na urefu wa 90. Litakuwa na uzito wa kama kilo 50, mzigo wa watu wawili wasio na haraka. Kabla ya kulipa, lisimamishe kwa ubavu uligonge kwa mpini wa nyundo sehemu mbalimbali. Jiwe zima hulia kama chungu kizima. Lenye ufa wa ndani hutoa sauti nzito iliyokufa, hata kama macho hayaoni kitu. Lirudishe hilo, hata muuzaji akikupunguzia bei. Angalia pia uso wake. Jiwe lililobanduka kiasili huwa na mawimbi, na gilasi ya chai haitapenda mawimbi, kwa hiyo tafuta lililo tambarare au muombe mchongaji alisawazishe hukohuko machimboni kabla halijapakiwa.

Nguzo zijengwe kwa matofali ya saruji au mawe ya kuchonga. Chimba msingi mpaka ufikie udongo mgumu, mara nyingi sentimita 30 zinatosha kwa meza, umwage zege kidogo chini, kisha upandishe. Udongo wa saruji uwe karai moja ya saruji kwa nne za mchanga. Jiwe la mchanga lina nguvu likikandamizwa, lakini halipendi kuning'inia, kwa hiyo usiliache hewani zaidi ya sentimita 60 kati ya nguzo na nguzo, wala usilitokeze nje ya nguzo zaidi ya sentimita 15. Watoto watapanda juu yake. Usijidanganye kwamba wa kwako wana adabu.

Pima maji ndicho chombo pekee ambacho singekiacha. Kiweke juu ya nguzo ya kwanza, kisha laza ubao ulionyooka kutoka nguzo hiyo hadi ya pili, upime tena, kwa urefu na kwa mshazari. Ukikosea, gonga tofali, toa udongo, rudia. Saruji bado ni mbichi. Hapo ndipo jiwe linapomfaa anayeanza kuliko mbao: kosa la asubuhi linarekebishwa kabla ya adhuhuri, ilhali ubao ukishakatwa mfupi haurefuki.

Kasoro yake ni kwamba jiwe la mchanga hunywa mafuta. Mchuzi wa nazi ukimwagika utaacha doa litakalozeeka pamoja nanyi. Maduka ya rangi huuza dawa ya kuziba mawe isiyo na rangi. Paka mara mbili jiwe likiwa kavu, urudie tone la maji likianza kuzama badala ya kusimama juu. Au fanya wanavyofanya akina mama wengi, tandika kitambaa cha mpira, maneno yaishe.

Asiyepata bapa zuri anaweza kumwaga uso wa zege. Uso wa sentimita 120 kwa 70, unene wa tano, unakula kama theluthi ya mfuko wa saruji wa kilo 50 na unakuwa na uzito wa kama kilo 100, kwa hiyo umwage karibu na pale utakapokaa na uwaite watu wanne siku ya kuuinua. Kipimo ni karai moja ya saruji, mbili za mchanga, tatu za kokoto ndogo. Katikati laza wavu wa nondo nyembamba. Mchanga usiwe wa ufukweni kwa hali yoyote. Chumvi yake itaila nondo pole pole na zege litapasuka kutoka ndani. Kazi ngumu Taru si kumwaga, ni maji ya baadaye, maana zege linataka kubaki na unyevu siku saba ndipo likomae. Pale ambapo maji hutoka silanga kwa punda au hununuliwa kwa mtungi, funika zege kwa gunia lililoloweshwa, juu yake nailoni iliyobanwa pembeni kwa mawe. Ukifanya hivyo, kibuyu kimoja asubuhi kinatosha mahali ambapo mwenzako anamwaga ndoo nzima.

Sasa mbao, kwa sababu najua kuna atakayesema meza ya jiwe ni ya makaburini. Mbao Taru inawezekana, ila tenganisha kazi. Miguu nenda kwa fundi wa kuchomelea, Samburu au Mariakani, akuungie fremu ya skweatubu yenye miguu minne na mshikizo wa mshazari kila upande, apake redoksaidi kabla ya rangi. Hewa ya Taru haina chumvi ya bahari, kwa hiyo chuma kilichopakwa vizuri kitakaa miaka. Mwambie atoboe matundu ya kupitisha bolti kwenye fremu, na matundu hayo yawe marefu kidogo kuelekea upana wa meza. Huo urefu wa ziada ndio nafasi ya ubao kupumua. Miguu isimame juu ya bapa la jiwe lililoinuka sentimita kadhaa kutoka ardhini, ili mchwa wakijenga kijia uwaone ukipita na chai yako. Kazi ya kwako ni uso wa meza, mbao tano au sita zilizopangwa sambamba zikiachwa upenyo wa milimita tano kila moja. Msumeno, drili, msasa, bolti. Mtu asiye na uzoefu anaimaliza.

Mbao gani? Mwarobaini umejaa pwani yote na mchwa hawaupendi, lakini hupindana ukikaushwa ovyo, na ukipigwa msumari bila kutobolewa kwanza hupasuka. Ni mbao ya heshima kuliko sifa yake. Hata wachongaji wa Changamwe waliozoea mpingo na muhuhu walilazimika kuujua, pamoja na mwembe. Mwembe ni laini kufanyia kazi na una rangi nzuri, ila nje haudumu na fukusi huupenda, kwa hiyo uweke barazani penye paa. Mvinje unaoteshwa mashambani kote Kwale ni mzuri kwa nguzo na paa, lakini ukikauka hufunguka nyufa ndefu, na kwa uso wa meza sikushauri. Mnazi ni mgumu upande wa nje tu. Ukinunua mbao za kiini utapata sponji, na msumeno wako utakuwa butu kabla hujamaliza ubao wa pili. Mvule na mbambakofi ni mbao za wakubwa, na hazifai kujifunzia. Iliyo bora kwa nyika ni mukau, mti wa ukame ambao Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, imeuhimiza sana kuanzia Kitui. Hukua haraka, mbao yake inakaribia mahogani, na mchwa huiogopa. Ukimpata mkulima mwenye mukau uliokomaa, nunua hata kama meza bado hujaipangia mahali.

Paini ya hadwea ndiyo utakayoikuta kwa wingi. Inakatika vizuri na bei yake inavumilika. Ikipakwa mafuta kila mwaka na kuwekwa mbali na ardhi itakupa miaka kadhaa, na kwa meza ya kwanza hiyo si hasara.

Mbao mbili za bure zinahitaji tahadhari. Ya kwanza ni paleti, ambazo zimejaa kando ya barabara hii kwa sababu ya malori ya bandari. Tafuta muhuri uliochomwa ubavuni. Herufi HT maana yake mbao ilitibiwa kwa joto, hiyo chukua. Herufi MB maana yake ilifukizwa kwa sumu ya methili bromaidi, hiyo iache, na isiyo na muhuri wowote iache pia kama ina madoa ya mafuta au harufu usiyoielewa. Ya pili ni vipande vya nguzo za umeme na za uzio zenye rangi ya kijani. Dawa iliyotumika humo ina aseniki. Kwa uzio zinafaa, kwa meza ya chakula hazifai, na vipande vyake visitiwe jikoni kupikia, hata siku kuni zimekwisha.

Kuhusu vipimo, meza ya kulia ukikaa kitini iwe na kimo cha sentimita 72 hadi 75, na kiti 43 hadi 45. Kila mlaji apewe sentimita 60 za ukingo. Lakini jiulize kwanza mnakulaje. Familia inayokula kwenye sinia moja mkekani haitahamia mezani kwa sababu baba amejifunza useremala. Meza itageuka kuwa ya kukatia mboga na kuanikia vyombo. Kwa nyumba kama hiyo tengeneza meza fupi na pana, kimo cha sentimita 35 hivi, sinia likae juu na watu wakae chini kama walivyozoea. Ni rahisi zaidi kutengeneza na haiyumbi.

Hayo yote yakihamishiwa Diani, hesabu inageuka. Kwanza chumvi. Chuma kile nilichokisifu Taru, hapa huanza kutoa kutu kwenye viungo vya kuchomelea kabla rangi haijachakaa. Skrubu za kawaida huacha machozi meusi kwenye mbao na kukatika ndani. Utahitaji skrubu za shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu, ambazo bei yake peke yake inaweza kumkatisha tamaa anayeanza. Pili, mbao yenyewe haikauki vizuri nyumbani kwako kwa sababu hewa ina maji, na msimu wa masika ukianza hata mlango hugoma kufungwa.

Tatu, na hii ndiyo sababu kubwa, mafundi wapo. Kuanzia Ukunda kuelekea ufukweni kuna maseremala ambao wamekuwa wakitengeneza meza za hoteli na nyumba za wageni maisha yao yote. Wanajua mbao gani inavumilia kusi na ipi haivumilii. Ukikusanya bei ya msumeno, drili, randa, jiriwa, msasa na ubao utakaouharibu, utakuta umekaribia au umepita bei ya meza moja nzuri ya kuagiza kwao. Vyombo hivyo vina faida kwa mtu atakayetengeneza meza ya pili na ya tatu. Kwa anayetaka meza moja tu ili Desemba wageni wakija wapate pa kukaa, ni pesa iliyolala kabatini ikishika kutu.

Ila kununua nako kunataka macho. Mazungumzo huanza hivi kila mahali:

"Fundi, mbao hii imekauka?"

"Imekauka kabisa, mama. Hii ina miaka hapa."

Mbao za kila fundi zina miaka hapo. Usibishane naye, omba kipande cha ileile, kitie kwenye mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, ufunge, ukiweke juani mpaka alasiri. Ukiona matone ndani ya mfuko, bado ni mbichi. Au kipime kwa mizani ya duka leo, ukipime tena baada ya wiki. Kikiwa kimepungua uzito, nacho kitaendelea kupungua kikiwa ndani ya meza yako. Fundi mwaminifu hatakasirika, atakuambia subiri, na hapo umempata fundi.

Meza iliyo tayari igeuze miguu juu. Uzuri wa juu ni wa rangi, ukweli uko chini. Tazama viungo: kama pengo limejazwa unga wa mbao na gundi, au puti iliyopakwa rangi, muulize kwa nini. Tazama kama uso umefungwa kwa vipande vinavyouruhusu kusogea au umepigiliwa misumari kutoka juu. Irudishe wima, ikalie ukingoni, itikise kwa mshazari. Meza inayoyumba dukani haitatulia nyumbani. Ukiagiza mpya, omba uione kabla ya kupakwa chochote, andikeni vipimo kwenye karatasi kwa sentimita, kimo na upana na urefu, na lipa nusu. Nusu ya pili ilipwe ukishaikalia. Omba pia miguu ifungwe kwa bolti ili ing'oke, utakuja kushukuru siku ya kuhama.

Uliza mbao ilitoka wapi, na usione haya kuuliza. Mikoko ni msitu unaolindwa na kuikata kunahitaji leseni. Kule Gazi, upande wa Msambweni, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakilipwa tangu mwaka 2013 kwa hewa ukaa inayotunzwa na mikoko iliyosimama, kwa hiyo boriti ya bei ya kutupwa inayopitishwa usiku imeibwa kutoka kwa mtu. Vivyo hivyo kwa miti ya kaya. Kaya Kinondo iko hatua chache tu kutoka hoteli za Diani, na misitu ya kaya za Mijikenda imekuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2008. Mahogani inayokuja kwa malori kutoka Kongo ni suala jingine refu. Tosheka na fundi anayeweza kukuonyesha risiti.

Kuna njia ya tatu ambayo watu wa Diani huisahau ilhali iko mlangoni mwao. Hoteli na nyumba za wageni hubadilisha samani, na meza kuukuu za mbao ngumu huuzwa kwa bei ya kuni, kwa sababu uso umekuwa wa kijivu na miguu inacheza. Kijivu kile ni jua tu, kinatoka kwa msasa. Mbao iliyokaa nje miaka kumi imeshamaliza kupinda kwake. Choma kisu kwenye ncha za miguu na kwenye viungo: kikigoma kuingia, nunua. Kuisugua, kubadilisha skrubu na kuipaka mafuta ni somo tosha la useremala kwa mtu wa pwani, na mwisho wake una meza ambayo mpya yake usingeimudu. Iweke mbali na matawi, tafadhali. Kima wa Diani wanajua saa ya kifungua kinywa kuliko mhudumu.

Huenda ukasema, mimi niko Diani lakini nataka kutengeneza kwa mikono yangu, si kwa sababu ya bei. Sikuzuii. Mwaka 1974 mbunifu Mwitaliano Enzo Mari alitoa michoro ya meza, viti na vitanda vinavyoundwa kwa mbao za kawaida na misumari tu, akaituma kwa yeyote aliyeiomba. Hakutaka watu wote wawe maseremala. Alitaka mtu akishatengeneza kimoja, aingie dukani na jicho jingine. Kwa sababu hiyo peke yake, mtu wa Diani mwenye muda na atengeneze kitu kidogo kwanza, stuli au benchi fupi, na meza aiagize. Atakapoigeuza miguu juu atajua anatazama nini. Jihadhari tu na jambo moja ambalo watafiti Michael Norton, Daniel Mochon na Dan Ariely walilieleza mwaka 2012: watu hukipa kitu walichokiunga wenyewe thamani kubwa kuliko wengine wanavyokipa. Meza yako utaipenda hata ikiyumba. Kabla ya kuwakalisha wageni, mwite jirani asiyekuogopa aikalie.

Mwisho ni mafuta na matunzo, ambayo ni mamoja Taru na Diani. Vanishi ya ndani usiipake nje. Jua huipasua, maji huingia chini yake, na unabaki ukikwangua maganda. Vyombo vya baharini vya zamani vilipakwa sifa, mafuta ya samaki, nayo hulinda mbao kweli, lakini hakuna atakayekula wali mbele ya harufu ile. Oli chafu ya gari, ambayo mafundi wengi watakushauri, ibaki kwenye ncha za nguzo za uzio. Kwenye meza itachafua nguo na chakula. Tumia mafuta ya kitani yaliyochemshwa, paka mipako myembamba miwili, futa kinachobaki juu baada ya dakika ishirini, urudie kila mwaka kabla ya mvua za Machi. Kitambaa ulichofutia usikikunje na kukitupa kwenye pembe ya stoo, maana mafuta hayo yakikauka hutoa joto na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze juani juu ya jiwe mpaka kikakamae, ndipo ukitupe.

Kwa meza ya Taru yenye bolti, chukua spana baada ya kiangazi cha kwanza. Mbao itakuwa imepungua na nati zitakuwa zimelegea. Kaza kila moja mpaka washa isizunguke kwa kidole, bila kuzidisha, uangalie na vijia vya udongo kwenye mawe ya miguu ukiwa umeinama huko chini.